Umbali wa Mshale Mmoja

Masomo: Mwanzo 21:8–21, Yohana 19:25–30



Nimeombwa niandike neno kwa wazazi katika toleo hili. Mimi si kasisi, ni mwalimu mstaafu, nami nitafanya kama tulivyofundishwa kule chuo cha ualimu: kwanza habari yenyewe isomwe polepole, kisha maswali, ndipo fundisho. Kwa hiyo nakuomba, msomaji, ufungue Biblia yako katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 21, uisome aya ya 8 mpaka ya 21 kabla hujaendelea na ukurasa huu.

Hiyo ni habari ya mama mmoja na mwanawe waliobaki wawili tu jangwani, maji yao yamekwisha. Wengi wetu twaijua tangu darasa la Jumapili. Lakini limo jambo moja ambalo watu hulipita upesi, nalo ndilo nataka tulitazame leo: ni mahali alipoketi yule mama.

WALIKUWA NANI WATU HAWA

Hajiri alikuwa mwanamke wa Misri, mjakazi wa Sara. Sara alipoona hazai alimtoa Hajiri kwa Ibrahimu ili apate mtoto kwa njia yake. Ukisoma kwa makini sura ya 16 na ya 21, utaona kwamba katika maneno yote ya Ibrahimu na Sara yaliyoandikwa pale, hakuna hata mara moja wanapomtaja Hajiri kwa jina lake. Kwao ni mjakazi tu. Anayemwita kwa jina ni malaika wa Mungu, na amemwita hivyo mara zote mbili. Tena mjakazi huyu ndiye mtu wa kwanza katika Biblia yote kutokewa na malaika wa Bwana, siku ile alipokimbia akiwa na mimba, akashika njia ya Shuri kuelekea kwao Misri. Hapo ndipo mtoto alipopewa jina kabla hajazaliwa, Ishmaeli, maana yake Mungu husikia. Naye Hajiri akampa Mungu jina, kwamba ni Mungu aonaye (16:11–14).

Picha nyingi za habari hii huonyesha mtoto mdogo wa kubebwa. Hesabu ya Biblia yasema vingine. Ibrahimu alikuwa na miaka 86 Ishmaeli alipozaliwa (16:16), na miaka 100 alipozaliwa Isaka (21:5). Karamu ya kumwachisha Isaka kunyonya ilifuata baadaye. Basi Ishmaeli alikuwa amekwisha kupita miaka 14, kijana wa umri wa wanafunzi wa kidato cha kwanza au cha pili. Kijana wa namna hiyo sisi husema ameshakuwa mkubwa, na ajitegemee. Lakini kule jangwani aliyeanguka kwanza ni yeye, na mama yake alikuwa bado amesimama.

Swali gumu ni hili: ilikuwaje Ibrahimu, rafiki wa Mungu, awatoe namna ile? Alikuwa tajiri wa mifugo, fedha na dhahabu (13:2). Alikuwa na watumishi 318 waliozoezwa vita (14:14), na punda wake anatajwa katika sura inayofuata (22:3). Lakini Hajiri alitoka alfajiri na mkate na kiriba cha maji begani. Biblia haifichi jambo hilo wala hailipambi. Inasema wazi kwamba lilimhuzunisha sana Ibrahimu, na kwamba aliachilia kwa sababu Mungu alimwahidi kuwa yule kijana naye atafanywa taifa (21:11–13). Wivu na hofu ya urithi vilikuwa vya wanadamu, bali ahadi ilikuwa ya Mungu. Kwa hiyo mtu yeyote asiitumie sura hii kama hati ya kumfukuza mke na watoto. Nimepata kuisikia ikitumiwa hivyo. Ibrahimu aliambiwa na Mungu mwenyewe mambo yatakayompata kijana yule. Wewe na mimi hatukuambiwa hivyo juu ya watoto wetu.

Wala asiwepo Mkristo wa kumdharau mama huyu kwa sababu mtume Paulo amemtumia kama mfano wa agano la sheria katika Wagalatia 4. Paulo mwenyewe asema kuwa ni mfano. Jirani zetu Waislamu humkumbuka Hajiri kila mwaka. Mahujaji wao kule Makka hutembea mara saba kati ya Safa na Marwa, kukumbuka jinsi alivyohangaika kumtafutia mwanawe maji, nao hunywa maji ya kisima cha Zamzam. Wao huiweka habari hii Makka, na kitabu cha Mwanzo huiweka katika jangwa la Beer-sheba. Lakini sote twamkumbuka mama yule yule na kiu ile ile.

HESABU YA KIRIBA

Beer-sheba iko kusini mwa nchi ya Kanaani, mahali mashamba yanapokwisha na jangwa la Negebu linapoanza. Mvua yake kwa mwaka mzima ni kama milimita 200, yaani chini ya nusu ya ile tuipatayo hapa Dodoma, nasi wenyewe twajua jinsi yetu ilivyo haba. Hunyesha wakati wa baridi peke yake. Miezi ya joto haidondoki hata tone.

Sasa tufanye hesabu kama ya ubaoni. Mtu atembeaye juani katika nchi kavu huhitaji lita nne za maji kwa siku, na mara nyingi zaidi ya hapo. Tuseme Hajiri aliweza kubeba kiriba cha lita 15, ambao ni mzigo wa kilo 15 begani pamoja na mkate. Watu wawili, lita nne kwa kila mmoja, ni lita nane kwa siku. Kiriba hicho hakifikishi jioni ya siku ya pili. Nao walikuwa wamepotea njia, wakizunguka huku na huku.

Hesabu hii yatufundisha jambo ambalo kila mzazi alijua. Kila kiriba kina mwisho. Mshahara una mwisho, ghala la mtama lina mwisho, na huruma ya ndugu aliye mjini ina mwisho. Hata mtu wa imani kama Ibrahimu akikufungia riziki kwa mikono yake mwenyewe, iko siku utakamua kiriba na hakitatoa kitu. Mzazi akifikiwa na siku hiyo asidhani kwamba Mungu amemwacha. Siku hiyo ilimfikia hata huyu mama, ambaye Mungu alimjua kwa jina.

UMBALI WA MSHALE

Maji yalipokwisha, Hajiri alimlaza kijana chini ya kichaka. Hakumtupa kwa chuki. Alimpa kivuli, kwa kuwa kivuli ndicho pekee kilichobaki. Kisha akaenda akaketi kumwelekea, mbali kadiri ya pale mshale ufikapo ukitoka kwenye upinde. Akasema moyoni kwamba hawezi kumtazama mtoto akifa. Ndipo akalia kwa sauti.

Tusimhukumu. Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Miaka mingi baadaye nabii Eliya alikwenda mwendo wa siku moja jangwani kutoka Beer-sheba hiyo hiyo, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amtwae afe (1 Wafalme 19:3–4). Ikiwa nabii mkuu alikata tamaa katika nchi ile, nani atamshangaa mjakazi aliyefukuzwa?

Lakini uangalie umbali ule. Hajiri hakwenda mbali hata asimwone mwanawe, maana aliketi akimwelekea. Wala hakukaa karibu hata amsikie akipumua. Ni umbali wa mzazi apendaye ambaye hana kitu mkononi.

Ndugu zangu, katika miaka yangu ya kufundisha niliuona umbali huo mara nyingi kuliko nilivyouona ukatili. Ada katika shule za serikali iliondolewa kuanzia mwaka 2016, nasi twashukuru, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana bado vyahitaji fedha. Utaona baba ambaye mtoto wake amechanikiwa na sare haji kwenye kikao cha wazazi. Si kwamba hampendi mtoto. Anaona haya kuketi mbele ya mwalimu akiwa hana jibu. Yuko baba mwingine aliyekwenda Dar es Salaam au machimboni kutafuta riziki. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila juma na kutuma kidogo. Mwaka wa pili kazi ikaharibika. Mwaka wa tatu akanyamaza, maana atarudije nyumbani mikono mitupu? Yuko mama mwenye mtoto mlemavu, amlishaye na kumwosha katika chumba cha nyuma, ila hawezi kumtazama usoni. Na wako wazazi waishio nyumba moja na kijana wao, ambao tangu aanguke mtihani, au tangu binti apate mimba, hawajasema naye neno ila la kumtuma maji au kuni.

Wote hao wameketi umbali wa mshale. Ukiwauliza, watakuambia wanampenda mtoto, nao wasema kweli. Tuna methali isemayo, mkono mtupu haulambwi. Mzazi ameiamini methali hiyo hata amejiona hana haki ya kumkaribia mtoto wake mpaka apate kitu cha kumletea.

Lakini mtoto hayajui mawazo hayo. Ishmaeli, akiwa amelala chini ya kichaka, hakujua kwamba mama yake ameondoka kwa sababu ya kumpenda mno. Alichojua ni kwamba maji yamekwisha, kisha mama naye amekwenda.

AMRI ILIYOTANGULIA MAJI

Aya ya 17 ina jambo la ajabu. Imetoka tu kusemwa kwamba mama alilia kwa sauti. Ndipo yasema kwamba Mungu aliisikia sauti ya kijana. Waliotafsiri Maandiko zamani kwa Kiyunani waliona ugumu huo, wakaandika kwamba aliyelia ni mtoto. Lakini katika Kiebrania ndivyo ilivyo, mama alilia na Mungu akamsikia kijana. Kilio cha Ishmaeli hakikuandikwa. Labda kilikuwa kuguna tu kwa mtu ambaye ulimi umekauka. Hata hivyo kilimfikia Mungu kutoka pale pale kijana alipolala. Sura hii yote haimtaji Ishmaeli kwa jina, bali maana ya jina lake imo ndani yake: Mungu husikia. Enyi wazazi, msidhani kwamba mnaomba peke yenu katika nyumba zenu. Watoto wenu nao husema na Mungu juu ya mambo mnayodhani hawayajui.

Malaika hakumkemea Hajiri kwa kuondoka. Alimwita kwa jina, akamwuliza ana shida gani, akamwambia asiogope. Kisha akampa amri tatu fupi: asimame, amwinue kijana, amshike mkono. Hayo yako katika aya ya 18. Ndipo katika aya ya 19 Mungu akamfumbua macho, akaona kisima.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu mpango wa aya hizo si ule ambao sisi tungeuandika. Sisi tungependa aya ya 19 itangulie. Bwana, nipe maji kwanza, ndipo nimwendee mtoto. Nipe kazi kwanza, ndipo nirudi nyumbani. Nipe fedha za sare, ndipo niende kwenye kikao. Nipe jibu la kumwambia binti yangu, ndipo nifungue kinywa. Lakini Mungu alimwagiza mama yule arudi kwa mtoto akiwa na kiriba kikavu. Hakuwa na kitu cha kumpa ila mkono wake mwenyewe, na huo ndio Mungu alioutaka kwanza. Ni kweli kwamba mkono mtupu haulambwi, lakini mkono mtupu waweza kushika.

Sisemi kwamba maji yalikuwa mshahara wa kutii kwake. Andiko halisemi hivyo, na neema haiuzwi. Nasema tu kwamba kwa Mungu, kumrudia mtoto hakungoji maji. Kuna amri ya leo, na kuna msaada ambao saa yake aijua yeye.

KISIMA KILIKUWAPO

Andiko halisemi kwamba Mungu aliumba kisima saa ile. Lasema alimfumbua macho. Basi kisima kilikuwapo. Visima vya nchi ile havikuwa na mnara wala pampu. Vingine vilifunikwa jiwe kubwa mdomoni (29:2–3), vingine vilifukiwa udongo na maadui (26:15). Hata katika sura hii hii ya 21, baada tu ya habari ya Hajiri, twasoma ugomvi wa Ibrahimu na watu wa Abimeleki juu ya kisima kilichonyang'anywa. Mtu aliweza kupita hatua chache tu kutoka kisimani asikione, hasa mtu mwenye macho yaliyojaa machozi.

Sisi wa Ugogo twaweza kulielewa jambo hili kuliko wengi. Mgeni akija wakati wa kiangazi akauona mto wetu, atasema hapa hakuna ila mchanga. Lakini mama wa hapa ashuka na jembe na kata yake, achimba mchanga mahali anapopajua, angoja kidogo, na maji yajikusanya. Mgeni angeweza kufa kwa kiu akiwa ameketi juu ya maji.

Vivyo hivyo karibu na mzazi aliyekata tamaa mara nyingi kuna msaada ambao haya imeufunika. Pengine ni shangazi ambaye hajaulizwa. Pengine ni mwalimu ambaye angejua la kufanya laiti angeambiwa ukweli, au afisa ustawi wa jamii wa wilaya, au chuo cha ufundi kinachopokea kijana aliyeanguka mtihani. Pengine ni kanisa lenyewe, ambalo mzazi huyo amelikimbia kwa kuwa hana sadaka ya kutoa. Mtu aketiye mbali na kungoja kifo havioni visima hivyo. Akishasimama kwa ajili ya mtoto, huanza kuuliza, na aulizaye huonyeshwa.

Kisha tazama Hajiri alivyofanya alipoona maji. Alikwenda akajaza kiriba, akamnywesha kijana. Haikuandikwa kwamba yeye alikunywa. Bila shaka alikunywa, lakini kila mama aijua zamu yake.

JANGWA LILIBAKI JANGWA

Mungu hakuwarudisha Hajiri na mwanawe katika hema za Ibrahimu. Aya ya 20 na ya 21 zasema kwamba Mungu alikuwa pamoja na kijana, naye akakua, akakaa jangwani, katika jangwa la Parani. Nchi ni ile ile kavu, na jua ni lile lile. Wokovu wao haukuwa kuondolewa jangwani, bali kuweza kuishi humo pamoja.

Tena kijana akawa mpiga upinde. Yule aliyeachwa umbali wa mshale alijifunza kuutumia mshale kwa kupata chakula. Katika nchi isiyo na shamba, huo ndio ufundi umfaao mtu. Nani alimfundisha hatuambiwi, lakini mama alikuwapo, maana yeye ndiye aliyemwoza mke kutoka nchi yake ya Misri. Alifanya kazi ya baba na ya mama. Ishmaeli alizaa wana kumi na wawili na kuishi miaka 137 (25:13–17). Na Ibrahimu alipokufa, wana wawili, Isaka na Ishmaeli, walisimama pamoja wakamzika katika pango la Makpela (25:9). Kijana aliyefukuzwa alikuja kumzika baba yake. Najiuliza kama angekuja, iwapo mama yake angemlea kwa chuki kule jangwani.

Wapo miongoni mwetu mama wanaolea peke yao, na wapo baba pia, na bibi waliobaki na wajukuu. Msiwahesabu watoto hao kuwa nusu ya watoto. Mfundisheni mtoto kazi ya mahali mlipo. Ikiwa ni mbuzi, awe hodari wa mbuzi, na ikiwa ni cherehani, awe hodari wa cherehani. Na sumu iliyo moyoni mwako juu ya yule aliyewaacha, usimnyweshe mtoto pamoja na maji.

MAMA ALIYESIMAMA KARIBU

Sasa nifikie jambo ambalo siwezi kulipita, kwa kuwa atakayesoma ukurasa huu huenda ni mzazi aliyezika. Utaniambia, mwalimu, mimi nilimshika mwanangu mkono hospitalini mpaka mwisho, wala sikuona kisima. Hayo ni kweli. Hapa kwetu wazee walitusimulia njaa kuu ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya vita kuu ya kwanza yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikakosa. Watu wengi sana walikufa. Wazazi waliwashika watoto wao mikono kwa uaminifu kama Hajiri, lakini wakawazika. Mahubiri yasiyoweza kusemwa mbele ya makaburi hayo, afadhali yasisemwe.

Kwa hiyo nimeweka somo la pili, Yohana 19. Hapo yuko mama mwingine na mwana mwingine. Mwana huyo naye alikuwa na kiu, akaisema kiu yake. Mama yake hakuwa na uwezo wa kumpa maji. Hakuna sauti ya malaika iliyosikika kutoka mbinguni, wala hakuna kisima kilichoonekana pale Golgotha. Lakini Mtakatifu Yohana asema mahali aliposimama Mariamu: alisimama karibu na msalaba. Hakuketi umbali wa mshale. Alichokiogopa Hajiri, kumwona mwanawe akifa, Mariamu alikivumilia kwa macho yake.

Na Yesu, katika maumivu yake, alimwona. Akamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, na mwanafunzi kwake, na tangu saa ile yule mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake. Basi twajua mambo mawili. La kwanza, mzazi aliyekaa karibu na mtoto mpaka mwisho hakukaa bure, hata kama mtoto hakupona. Mwana wa Mungu mwenyewe alitaka mama yake awepo. La pili, Mungu Baba hakututazama sisi kutoka mbali ili asione kufa kwetu. Katika Kristo alikuja mpaka chini ya kichaka chetu, akaionja kiu yetu, akafa kifo chetu, na siku ya tatu akafufuka. Tumaini la waliozika liko hapo, nalo halikauki.

NENO KWA PARISHI YETU

Nimalize kwa mambo matatu ya kutenda, maana somo lisilo na zoezi husahauliwa.

Kwanza, wewe mzazi uliyeketi mbali. Juma hili, kabla hujapata kitu, mwendee mtoto wako. Kama yuko mbali, mpigie simu, umwambie kweli kwamba huna kitu lakini umemkumbuka. Kama yuko nyumbani, keti naye, muulize habari zake, ukanyamaze na kusikiliza. Usingoje mpaka uwe na maneno mazuri.

Pili, wewe kijana ambaye mzazi wako amekwenda mbali. Usiseme upesi kwamba hakukupenda. Yawezekana analia mahali usipomsikia. Mungu aliyemsikia Ishmaeli akusikia wewe hapo ulipo.

Tatu, sisi sote tulio kanisa. Yohana alimchukua mama nyumbani kwake, hakuishia kumpa pole. Wazee wa kanisa, akina mama wa umoja wetu na vijana, tuzijue nyumba ambazo kiriba kimekauka. Tusimngoje mtu atangaze shida yake mbele ya usharika. Tuingie kwake jioni, kwa adabu, bila kelele, na ikiwa hatuna unga wa kupeleka, twende hata hivyo.

TUOMBE

Ee Mungu usikiaye na kuona, uliyemwita Hajiri kwa jina lake jangwani: uwatazame wazazi wote waliofikia mwisho wa nguvu zao, na watoto waliolala vivulini wakiwangoja. Uwape wazazi moyo wa kusimama na kurudi, uwafumbue macho wakione kisima chako. Uwafariji waliozika watoto wao kwa tumaini la ufufuo. Nasi utufanye kuwa watu wa kuwachukua wenzetu nyumbani kwetu, kwa ajili ya Mwanao aliyeona kiu msalabani, Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.